Sanamu Zinazocheza Ngoma: Rekodi za Dunia Zikitazamwa Kutoka Kibiti

Shaba ni nzito, ngoma ni wepesi. Fundi anayetaka kumsimamisha mchezaji wa shaba juu ya vidole vya mguu mmoja anapambana na malighafi yake mwenyewe, na ndiyo maana katika kila zama mafundi wakubwa wamepimana ubavu kwenye umbo hilo: mguu mmoja umekita, mwingine uko hewani, kiuno kimepinda, na mzigo wote hauanguki. Katika kushindana huko zimepatikana sanamu za kale kuliko zote, kubwa kuliko zote, ghali kuliko zote na zilizotukanwa kuliko zote. Nazipitia hapa kwa macho ya mtu wa Pwani. Kuanzia Kibiti hadi kwenye midomo ya Mto Rufiji watu wamecheza tangu enzi na enzi, na wana haki ya kuuliza nafasi yao iko wapi katika orodha hii.

Mkongwe wao

Kwa sanamu za shaba zinazohusishwa na kucheza, mkongwe ni binti wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la Mto Indus, leo nchini Pakistani. Alifukuliwa mwaka 1926. Umri wake umepita miaka 4,000 na urefu wake ni sentimita 10.5 tu. Mkono wa kulia ameushika kiunoni, kidevu kiko juu, na mkono wa kushoto umejaa bangili kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na bega. Wataalamu wanabishana kama kweli anacheza au amesimama tu. Mimi naona mwanamke anayesubiri ngoma ikolee ndipo aingie uwanjani. Aliyewahi kuhudhuria shughuli ya unyago anaujua mkao ule.

Alitengenezwa kwa njia ya nta. Fundi huliumba umbo kwa nta, kila kidole na kila bangili, kisha hulifunika kwa udongo na kuliweka motoni. Nta huyeyuka na kutoka kwenye tundu, udongo hubaki na uwazi wenye sura ileile, na shaba iliyochanganywa na bati humiminwa ndani. Ikipoa, udongo huvunjwa. Kosa moja katika kumimina, kazi ya miezi imekwisha.

Ufundi huo haukuwa mgeni Pwani yetu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton uliibua simba mdogo wa shaba wa karibu mwaka 1100. Lamu ina siwa yake ya shaba, baragumu refu lililopulizwa kwenye harusi za wakubwa na kutawazwa kwa watawala, huku Pate ikiwa na yake ya pembe ya ndovu. Kwa hiyo asije mtu akasema Waswahili hawakuijua shaba. Waliijua vizuri, ila waliitia katika chombo kinachopigwa ili watu wacheze, hawakuitia katika sura ya mchezaji.

Kibiti nayo ina ushahidi wake wa kale, nao ni shanga. Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami alitangaza katika jarida la Current Anthropology kupatikana kwa shanga za Kirumi katika eneo la Mkukutu, Kibiti, akizieleza kuwa uthibitisho wa kwanza usiopingika wa uhusiano wa pwani hii na biashara iliyosimuliwa katika Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mreno wa kwanza kufika, pambo kutoka Bahari ya Kati lilikuwa limefika Rufiji. Na katika pwani ambako shanga ni za kiuno na kiuno ndicho kinachocheza, si vigumu kukisia zilitumikaje.

Iliyovuliwa kwa wavu

Wavuvi wa kamba wa delta ya Rufiji wataielewa hii kuliko mtu mwingine yeyote. Mwezi Machi 1998, chombo cha uvuvi kiitwacho Capitan Ciccio, cha mji wa Mazara del Vallo huko Sicily, kilikuwa kikikokota wavu katika kina cha karibu mita 500, kati ya Sicily na Tunisia. Wavu ulipopanda ulikuwa na mwili wa mtu. Alikuwa wa shaba, mkubwa kuliko binadamu wa kawaida, kichwa kimetupwa nyuma, nywele zinapepea, hana mikono. Mguu wake mmoja ulikuwa umenaswa mwaka mmoja nyuma katika bahari hiyohiyo. Wataalamu walimtambua kuwa ni satiri, kiumbe wa msafara wa mungu wa mvinyo wa Wagiriki, akiwa katikati ya mzunguko wa ngoma.

Kati ya sanamu zote zilizomo humu, hii ndiyo inayoonyesha mwendo kuliko zote. Ukiitazama mgongo unaona ulivyojipinda kuanzia kisigino hadi shingoni, na ingawa mikono haipo, unajua ilikuwa wapi. Ilikarabatiwa mjini Rome kwa miaka kadhaa, na mwaka 2003 ikarudi Mazara del Vallo, ikajengewa makumbusho katika kanisa la zamani la mji. Mji wa wavuvi ulioivua ndio uliobaki nayo. Ni jambo la haki, na halitokei mara nyingi.

Pompeii, Italia, nayo ina mchezaji wake, fauni wa sentimita 71 aliyefukuliwa mwaka 1830, mikono juu na mkia mdogo nyuma. Nyumba alimokutwa ndiyo kubwa kuliko nyumba zote za watu binafsi katika mji huo, karibu mita za mraba 3,000, na dunia nzima inaiita Nyumba ya Fauni. Jina la tajiri aliyeijenga limezama. La mchezaji limebaki.

Kubwa kuliko zote za aina yake

Wahindi wa kusini wamemimina sanamu za Nataraja, mungu Shiva akicheza ndani ya duara la moto, tangu enzi za wafalme wa Chola miaka elfu moja iliyopita. Mguu mmoja umemkanyaga kibwengo wa ujinga, mwingine umeinuka, na mikono ni minne. Mwaka 2023 mafundi wa Swamimalai, mji wa Tamil Nadu ambao ufundi huu umerithishwa baba kwa mwana, walimaliza Nataraja wa zaidi ya mita 8 na uzito wa tani 18, kwa mchanganyiko wa madini manane. Serikali ya India ilimtangaza kuwa mrefu kuliko wote duniani wa mchanganyiko huo. Alisimamishwa mbele ya ukumbi wa Bharat Mandapam mjini New Delhi, tayari kwa mkutano wa G20.

Mwafrika ana sababu ya kuukumbuka mkutano huo. Tarehe 9 Septemba 2023, Umoja wa Afrika ulikaribishwa kuwa mwanachama wa kudumu wa G20, na aliyeitwa kukalia kiti alikuwa mwenyekiti wake wa wakati huo, Azali Assoumani wa Komoro, jirani yetu wa visiwani. Nje alikuwa amesimama yule mchezaji wa tani 18. Wenyeji wangeweza kuweka simba, tembo au jenerali juu ya farasi. Walichagua ngoma iwakilishe nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, na naona walichagua vyema.

Ghali kuliko zote, na iliyotukanwa kuliko zote

Rekodi hizi mbili ni za sanamu moja. Mwaka 1881 Edgar Degas alionyesha mjini Paris umbo la nta la msichana mchezaji wa miaka 14. Alimvisha sketi ya kitambaa halisi, viatu halisi vya ballet, nywele halisi na utepe wa hariri. Msichana mwenyewe alikuwa Marie van Goethem, mtoto wa familia maskini ya Kibelgiji, mmoja wa wanafunzi wa jumba la opera walioitwa kwa dharau “vipanya”. Wakosoaji walimrukia. Walimfananisha na nyani, wakasema uso wake ni wa uhalifu, wakamwambia Degas ampeleke kwenye makumbusho ya matibabu. Mwaka uliofuata Marie alifukuzwa opera kwa utoro, na maisha yake yaliyobaki hayakuandikwa na mtu.

Degas hakuionyesha tena sanamu ile hadharani. Alifariki mwaka 1917, na nta zake zikakutwa zimejaa studio, nyingine zimepasuka. Warithi waliwapa kazi mafundi wa kiwanda cha Hébrard kuzimimina kwa shaba, na nakala zaidi ya 20 za msichana yule zikasambaa duniani. Hata hizo za shaba zinavaa sketi ya kitambaa. Simama karibu na mojawapo uone: goti limekakamaa, mikono imefumbatana mgongoni, mabega yamevutwa nyuma kwa nguvu, macho karibu yafumbe. Huyu si mtoto anayefurahi. Ni mtoto aliye kazini, na mwili umechoka.

Mwezi Mei 2022 nakala moja iliuzwa katika mnada wa Christie’s, New York, kwa dola milioni 41.6, bei ya juu kabisa iliyowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya Degas. Sanamu ni nzuri, hilo silipingi. Lakini ukiyaweka matusi ya 1881 kando ya fedha za 2022 utaona jinsi bei inavyopanda na kushuka kwa sababu zisizo na uhusiano na mtoto aliyesimama mbele ya msanii.

Berlin, Benin na Ngarambe

Ukitaka wachezaji wa shaba wa karne ya 16 na 17, zama za Ulaya mpya, usiende Ulaya kuwatafuta mafundi wao. Nenda Benin, katika Nigeria ya leo. Mafundi wa kasri la Oba walitoa mamia ya mabamba ya shaba, na mojawapo linaonyesha ngoma ya amufi: wachezaji wawili wananing’inia kwa kamba kwenye mti, miili yao imejipinda hewani, na juu ya matawi ndege wametua. Ni kazi ngumu mno ya kumimina. Kamba, majani na midomo ya ndege vimetoka katika bamba moja bila kukatika.

Bamba hilo lilifika Berlin baada ya Waingereza kuupora mji wa Benin mwaka 1897 na kuuza nyara. Mwaka 2022 Ujerumani ilihamishia Nigeria umiliki wa vitu 512 vya Benin vilivyokuwa Berlin, na hiyo inahesabiwa miongoni mwa hatua kubwa za aina hiyo kuwahi kuchukuliwa na makumbusho ya Ulaya. Jumba la Humboldt Forum linaloonyesha hazina hizo ndilo lililofungua mwishoni mwa 2024 maonyesho ya historia za Tanzania, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa. Humo Berlin vimo pia vitu vilivyochukuliwa kutoka kwetu wakati wa Vita vya Maji Maji.

Na vita hivyo vilianza na ngoma. Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, ndiko Kinjekitile Ngwale alikotoa dawa ya maji, na watu wakamiminika kwake kutoka Umatumbi na kwingineko. Katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa miaka ya 1960 na mwanahistoria G.C.K. Gwassa, yamo mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda: mistari, hatua za pamoja, kugeuka kwa amri moja, vyote katika sura ya kucheza. Mtawala akitazama anaona ngoma. Mchezaji anajua anajifunza kupigana. Wajerumani walimnyonga Kinjekitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kulipuka. Waliokufa hadi 1907 wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1912, Jumba la Taifa la Sanaa la Berlin lilinunua sanamu ya shaba ya Georg Kolbe iitwayo Die Tänzerin, yaani mchezaji wa kike. Ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Msichana ametandaza mikono, kichwa kimelala upande, anazunguka akiwa ndani ya mawazo yake. Ikawa sanamu iliyompa Kolbe umaarufu, na hadi leo ni miongoni mwa sanamu zinazopendwa zaidi Ujerumani. Ni nzuri sana, na siwezi kuitazama bila kuifikiria likinda. Dola ileile, ndani ya miaka kumi, ilinunua ngoma mjini Berlin na kuizima Ngarambe.

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyotenda katika Maji Maji. Kinjekitile kwa upande wake alikwisha kupata ukumbusho wa maandishi, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Ukumbusho wa shaba kwa wacheza likinda bado.

Nitaigusa kwa ufupi kazi moja ya Marekani, maana inatuhusu Waafrika. Malvina Hoffman, aliyewahi kumfinyanga mchezaji Anna Pavlova, alipewa kazi na Field Museum ya Chicago mwaka 1930 kutengeneza mfululizo wa sanamu za “jamii za binadamu”. Zilifika 104, nyingi za shaba, na kati yake yumo binti Msara wa Chad akicheza, na imo pia familia ya Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo ya mashariki. Ni mkusanyo mkubwa ajabu. Msingi wake, wa kupanga watu kwa maumbile, ulikuwa mbovu, na makumbusho yenyewe yaliuondoa ukumbini mwaka 1969. Binti Msara ana uhai. Kibao alichowekewa ndicho kilichomwonea.

Mpingo, na aliyechezesha mashetani

Sasa turudi nyumbani, kwa mti unaoota katika misitu ya Rufiji, Kibiti, Kilwa na Lindi. Mpingo ni mzito kuliko maji. Gogo lake likitupwa mtoni linazama. Huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Fundi huanza kwa panga, akiondoa gome na mti mweupe wa nje mpaka kiini cheusi kitokeze. Hufuata tezo, kisha patasi na nyundo ya mti, kisha tupa, na mwisho msasa, siku nzima ya msasa, mpaka weusi ung’ae. Kwa shaba, kosa la nta linaweza kurekebishwa kabla ya moto. Kwa mpingo, kipande kikiruka kimeruka.

Kutokana na ugumu huo inasimuliwa ajali yenye faida kuliko zote katika sanaa ya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa, aliyekuwa akimchongea mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam, alivunja kiungo cha sanamu aliyokuwa akiichonga. Hakuitupa. Aliimalizia kwa umbo lisilo la binadamu, Peera akaiweka dukani, ikanunuliwa, akamwomba alete nyingine. Hapo ukapata nguvu mtindo wa shetani: miguu inayozunguka shingo, matumbo yenye matundu, miili iliyopinda kwa namna ambayo mfupa hauwezi. Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, akaja na nguzo za watu waliobebana, ambazo baadaye ziliitwa ujamaa.

Lakini aliyewachezesha mashetani hao kuliko wote ni George Lilanga. Alizaliwa Kikwetu mwaka 1934, akajiunga na Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Mashetani wake wana masikio mapana, midomo iliyochongoka, matumbo ya mbele na vidole vichache, na hawatulii: wanapiga ngoma, wanabebana, wanaonyeshana hatua za ngoma ya sindimba. Aliwachonga kwanza, akaja kuwapaka rangi. Kisukari kilimnyang’anya miguu katika miaka yake ya mwisho, na mashetani wakaendelea kuruka kwenye mbao zake mpaka alipofariki Juni 2005. Hakuna msanii wa Tanzania aliyeacha wachezaji wengi walio hai namna ile, nami namweka mbele ya Kolbe bila kusita.

Iliyocheza ngoma nyingi kuliko zote

Rekodi moja haiwezi kuchukuliwa na Delhi wala Paris. Ni ya mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ya Wazaramo na jirani zao Wakwere, Wakutu na Wadoe. Aghalabu haizidi shubiri moja. Haina mikono wala miguu: ni kiwiliwili kilichonyooka, kitovu, matiti madogo na kichwa chenye kishungi, mara nyingi ikiwa imefungwa shanga. Mwali hupewa awapo ndani, huitunza, huipaka mafuta, huilea. Siku ya kutolewa, wanawake wanapocheza, nayo imo.

Sanamu nyingine zote nilizozitaja zinaonyesha ngoma iliyosimamishwa katika nukta moja. Mwana hiti haionyeshi ngoma, inakwenda ngomani, na ikirithiwa na binti inakwenda tena. Makumbusho ya Ulaya yanazo nyingi, zimepangwa kabatini chini ya taa. Huko hazichezi.

Mnara wa shaba unaojulikana kuliko yote Tanzania ni Askari wa katikati ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, uliozinduliwa mwaka 1927, singe imeelekezwa bandarini. Unawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, nao wanastahili. Wacheza likinda wanastahili pia. Halmashauri za Rufiji na Kibiti, Makumbusho ya Taifa, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa taasisi ya sanaa ya TaSUBa, Bagamoyo, wakae pamoja, wachague wachongaji wa kulichonga kundi hilo la wachezaji, na kundi limiminwe kwa shaba, kwa sababu mti huliwa na mchwa na mafuriko kama yale ya Rufiji ya Aprili 2024 hayachagui cha kubeba. Lisimame Mohoro, aliponyongewa Kinjekitile, na jina lake liandikwe chini. Mwaka 2030 itatimia miaka 125 tangu siku hiyo, na muda uliobaki unatosha kulimaliza.